Yamaha Enduro 40 ya zamani: gia ya mbele inaruka tangu ibadilishwe impela. Naombeni msaada kabla sijanunua mguu mzima

MLETA UZI (Kilindoni, Mafia)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mafundi na manahodha, maana nimeambiwa ninunue mguu mzima wa mashine (ile sehemu ya chini yenye gia na propela) na hela hiyo sina.

Mashine ni Yamaha Enduro 40, silinda mbili, ile ya kuchanganya oili na petroli, ya kuendesha kwa mkono. Niliipata kwa mtu aliyekuwa na boti kabla yangu, naye aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa hiyo umri wake kisieni wenyewe. Boti ni ya faiba, futi 23. Napeleka barafu Jibondo na Juani, narudi na pweza na samaki. Miaka yote hiyo gia haijawahi kunisumbua.

Mwezi uliopita ilianza kutema maji kidogo. Fundi akashusha mguu, akabadilisha impela (ile feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine), maji yakarudi vizuri. Ila tangu siku hiyo gia haijatulia. Nikiweka mbele kwa mwendo mdogo, boti inakwenda. Nikizidisha mafuta kupita nusu, hasa nikiwa na mzigo, nasikia "ka-ka-ka-ka" huko chini, mashine inapiga kelele na boti inalala. Nikipunguza inashika tena. Rivasi inaingia safi wala hairuki. Jambo jingine: nikiiwasha ikiwa nyutro, propela inazunguka yenyewe. Zamani ilikuwa inatulia.

Juzi imeniruka mara nne pale mlango wa Kinasi, bamvua, maji yanatoka kwa nguvu, nikiwa na watu watatu ndani. Tulifika kwa kutembea polepole, kasia nimeliweka miguuni. Sitaki kurudia. Fundi aliyebadilisha impela anasema gia zimekwisha, nitafute mguu mwingine. Ni kweli?

FUNDI WA PANGANI

Pole sana kaka. La kwanza, usipakie mtu tena kwenye boti hiyo mpaka ujue inaumwa nini. La pili, usinunue mguu. Inawezekana gia zimeumia, lakini kwa maelezo yako ugonjwa umeanza siku mguu uliposhushwa, na hapo ndipo pa kuanzia.

Nieleze kwanza kilichomo humo ndani, maana wenye boti wengi wanalipa bila kujua. Shafti ndefu inayotoka kwenye mashine inashuka mpaka chini, mwisho wake ina gia ndogo, pinioni. Pinioni hiyo imeng'ata gia mbili kubwa kwa wakati mmoja, moja mbele yake na moja nyuma yake. Mashine ikiwaka, zote mbili zinazunguka muda wote, moja inakwenda huku na nyingine kule. Ila hazijashika shafti ya propela. Zinaelea tu juu yake.

Kinachoshika ni klachi. Ni kipande cha chuma kinene kama kidole gumba, kinateleza juu ya shafti ya propela katikati ya gia hizo mbili, kina meno makubwa pande zote mbili. Ukiweka mbele, klachi inasukumwa ikaumane na gia ya mbele. Ukiweka rivasi inarudi kuumana na ya nyuma. Nyutro inakaa katikati, haigusi yeyote. Chezesha vidole vya mikono miwili ukiviingiza katikati ya vingine: vikiingia mpaka shinani huwezi kuvichomoa kwa kuvuta pembeni. Vikiingia ncha tu, ukivuta kwa nguvu vinateleza. Hiyo "ka-ka-ka" yako ni ncha kwa ncha.

Anayeisukuma klachi ni fimbo ya gia, inayoshuka kutoka kwenye kimkono chako. Na fimbo hiyo imekatwa vipande viwili. Cha juu kinabaki na mashine, cha chini kinatoka na mguu. Katikati vimeunganishwa kwa kiungio chenye uzi na nati ya kukifungia. Hakuna anayeweza kushusha mguu abadilishe impela bila kukigusa kiungio hicho. Kikirudishwa mizunguko miwili mitatu pungufu au zaidi, klachi haikai tena katikati.

Sasa nifanyie vipimo vinne, vyote boti ikiwa nchi kavu. Toa plagi zote mbili za kuwashia na uchomoe klipu ya kuzimia kabla hujaweka mkono kwenye propela. Nasisitiza hilo. Mashine za kuvuta kwa kamba zinaweza kuwaka kwa kuzungushwa propela tu ikiwa gia imeingia.

Kimoja: weka nyutro, zungusha propela kwa mkono pande zote mbili. Inatakiwa iende laini, kimya. Ukisikia inagonga "kt, kt, kt", niambie.

Cha pili: weka mbele, zungusha propela, mwenzako aangalie gurudumu la juu la mashine. Linatakiwa lizunguke, karibu mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa propela. Rudia kwa rivasi.

Cha tatu: chora mstari wa chaki kwenye propela, uanzie kwenye kitovu cha ndani upite mpaka sehemu ya nje. Nenda nayo majini karibu na ufuko mpaka iruke, rudi, angalia kama mstari umekatika.

Cha nne: fungua plagi ya chini ya oili ya gia, kinga kwenye chupa iliyokatwa, uniambie rangi. Pitisha kidole kwenye plagi yenyewe.

MVUVI WA KIRUMBA

Mimi niko Mwanza, natumia mashine kama hiyo kwa dagaa. Naunga mkono kipimo cha chaki. Mwaka juzi yangu ilikuwa inakosa nguvu hivyo hivyo, nikaambiwa gia. Nikauza mbuzi nikanunua gia ya mbele. Ikafungwa, nikaingia ziwani, tatizo lile lile. Kumbe ni mpira.

Kwa wasiojua: ndani ya kitovu cha propela kuna mpira umebanwa kwa nguvu sana. Kazi yake ni kuteleza pale propela inapogonga jiwe au gogo ili gia zisivunjike. Ukigonga mara nyingi unalegea, halafu unateleza hata kwa mzigo wa kawaida. Mashine inapaa, boti haiendi. Tofauti niliyokuja kuiona baadaye ni kwamba mpira hauna kelele ya chuma. Unateleza kimya. Wewe unasema "ka-ka-ka", kwa hiyo sidhani ni mpira, lakini chaki haigharimu kitu, ichore.

Na wale wenye mashine ndogo za farasi wawili mpaka watano, nyingi kati ya zenu hazina mpira huo, zina pini laini inayopita kwenye shafti. Ikikatika msitie msumari wa nchi nne wala kipande cha nondo. Pini imefanywa laini makusudi. Ukitia chuma kigumu, siku ya jiwe kinachovunjika ni gia. Nimemuona jirani yangu akilia kwa jambo hilo.

NAHODHA WA LAMU

Salaam ndugu zangu. Mie si fundi, ni nahodha, miaka mingi navusha watu Mokowe na Lamu. Naomba kusema neno moja kuhusu mkono, maana gia nyingi tunaziua sisi wenyewe kabla ya kutu kuziua.

Gia ya mashine hizi haitaki kubembelezwa. Vijana wengi wanaona wakiingiza polepole ndiyo wanaitunza. La hasha. Ukiisukuma polepole, meno ya klachi yanapita yakigusa pembe za meno ya gia, yanajisaga "krrr", kila siku kidogo. Shusha mafuta mpaka mwisho, ngoja mashine itulie kabisa, kisha ingiza kwa mkato mmoja. Isikike "klak" moja, basi. Na kama mashine yako haitulii, inanguruma juu hata mafuta yakiwa yamefungwa, rekebisha mlio huo kwanza. Kuingiza gia mashine ikiwa juu ni kama kutia fimbo katika baiskeli inayokimbia.

La pili, tuache kutumia rivasi kama breki gatini. Mtu anakuja mbio ili abiria waone anajua, akifika anapiga rivasi kwa kishindo. Punguza mapema, mashua ijikokote yenyewe. Propela inayokwenda mbele kwa kasi ukiigeuza ghafla, mshindo wote unabebwa na meno mawili matatu ya klachi.

Na wenye usukani na kebo, msikimbilie kufungua mguu gia ikiwa ngumu. Chomoa kebo kwenye mashine, shika kile kimkono cha gia kwa vidole, kisogeze huku na huku mwingine akizungusha propela, plagi zikiwa nje. Kikienda chepesi, mguu hauna kosa, ni kebo imekula chumvi. Kebo hiyo haitibiki kwa mafuta. Ukiona inakwama, badili nzima.

MLETA UZI (Kilindoni, Mafia)

Asanteni sana, nimefanya vyote leo, maji yalikuwa yamekupwa.

Chaki: nilikwenda mpaka ikaruka mara mbili, nikarudi. Mstari umebaki umenyooka.

Nyutro: nikizungusha propela inagonga. Ni "kt, kt, kt" kama alivyosema fundi, naihisi hadi kwenye vidole.

Mbele: gurudumu linazunguka, lakini nikizungusha propela kwa nguvu ya ghafla mara moja moja inachomoka. Rivasi inashika kama imefungwa kwa mnyororo.

Oili: imenitia wasiwasi. Imetoka rangi ya chai ya maziwa. Kwenye plagi kuna kitu kama unga wa fedha, ukisugua kwa vidole unang'aa. Vipande hakuna. Halafu nilipotoa propela nimekuta mshipi wa nailoni umejizungusha kwenye shafti nyuma yake, mizunguko mingi, umekazana mpaka umeyeyuka kidogo. Ilibidi niukate kwa wembe.

FUNDI WA PANGANI

Kaka umefanya kazi nzuri. Sasa una magonjwa mawili, si moja, na kila moja lina sababu yake. Nitaanza na gia.

Inagonga ukiwa nyutro. Maana yake klachi haijakaa katikati, inagusa gia mojawapo. Ipi? Rivasi inashika sana, mbele inashika kidogo. Basi klachi imesogea upande wa nyuma, inaibusu gia ya rivasi hata ukiwa nyutro. Safari ya fimbo haiongezeki, kile kimkono chako kina mwanzo na mwisho wake. Ikianza ikiwa imeegemea nyuma, itafika mbele ikiwa imepungukiwa. Ndiyo maana ya ncha kwa ncha.

Unaweza kuhakikisha hata kwa macho. Mashine ikiwaka ndani ya pipa la maji, nyutro, simama nyuma mbali na propela uangalie inazungukia wapi. Propela ya kawaida kwenda mbele inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama kwa nyuma. Kama hiyo yako ikiwa nyutro inazunguka kinyume cha saa, ni gia ya rivasi inayoivuta. Kuzunguka kidogo asubuhi oili ikiwa nzito ni kawaida, usitishike na hilo. Lakini pamoja na ile "kt, kt", jibu tunalo.

Kurekebisha: plagi nje, mtu mmoja azungushe propela polepole bila kuacha, mwingine asogeze kimkono cha gia kidogo kidogo kutoka nyutro kwenda mbele. Pale inapoanza tu kushika, weka alama ya penseli kwenye bodi. Rudi, fanya hivyo kwenda rivasi, weka alama ya pili. Nyutro inatakiwa iwe katikati ya alama hizo. Yako utakuta alama ya rivasi iko karibu sana na ya mbele iko mbali. Sasa legeza nati ya kufungia, angalia fimbo inakwenda wapi unapoweka mbele, inapanda au inashuka, kisha kizungushe kiungio ili fimbo isogee huko huko. Nusu mzunguko, pima. Nusu tena, pima. Alama zikilingana kaza nati. Hakikisha uzi wa fimbo zote mbili umeingia vya kutosha ndani ya kiungio. Kikishikilia nyuzi tatu tu, siku moja utabaki na gia moja katikati ya bahari.

Ugonjwa wa pili ni huo mshipi. Umejibana nyuma ya propela ukala sili, zile pete za kuzuia maji yasiingie kwenye gia. Zile sili ziko mbili, zimefuatana kwenye shafti, na mdomo wake ni mpira mwembamba. Nailoni inaukata kama wembe. Maji ya chumvi yameingia kwenye oili, ndiyo chai uliyoiona. Ule unga wa fedha ni meno yanayosagana. Ukiendelea hivyo, beringi zitashika kutu, na hapo kweli utanunua mguu.

Kwa hiyo mguu utafunguka vyovyote vile, kwa ajili ya sili. Ukishafunguka, tutazame na meno.

MCHANGIAJI WA BAGAMOYO

Mkuu, klachi ikiliwa upande wa mbele si unaigeuza tu? Upande wa rivasi unakuwa haujatumika sana. Kuna fundi huku anafanya hivyo. Na kuhusu maji kuingia, wengine wanajaza grisi badala ya oili, haivuji.

FUNDI WA PANGANI

Ndugu wa Bagamoyo, nimeshapokea mashine za namna hiyo. Klachi za Yamaha nyingi zimechongwa herufi F upande mmoja, na upande huo lazima utazame gia ya mbele. Pande mbili hazikutengenezwa zifanane kazi. Ukiigeuza inaweza kukupeleka wiki mbili, halafu inakula gia ya mbele ambayo ilikuwa nzima. Vilevile usikubali mtu akunolee meno kwa tupa au jiwe la kusaga. Chuma hicho ugumu wake uko juu, kwenye ngozi. Ukishaondoa ngozi, ndani ni laini, kinaisha upesi.

Grisi hapana kabisa. Oili ya gia inarushwa na gia zenyewe ifike kwenye beringi za juu na za mbele. Grisi ikishasukumwa pembeni inabaki huko huko, meno yanafanya kazi makavu. Tia oili namba 90 ya gia, si ya injini. Na itiwe kwa kusukuma kutokea tundu la chini mpaka ichuruzike tundu la juu, ndipo funga plagi ya juu kwanza, halafu ya chini. Ukimimina kwa juu hewa inabaki ndani, unadhani umejaza kumbe nusu.

DADA WA UTENDE

Samahani kwa kuingilia uzi wa kaka. Na mimi niko Mafia, boti yetu inapeleka wageni kuangalia papa potwe. Mashine yetu ni hiyo hiyo lakini tatizo letu ni kamba ya kuwashia. Kuna siku haivutiki kabisa, imekaza kama ukuta, na kimkono cha gia kiko nyutro. Tukichezesha gia mara mbili tatu inakubali. Ni gia au ni kitu kingine?

FUNDI WA PANGANI

Dada, hujaingilia, swali lako ni ndugu wa hili. Mashine hizo zina kizuizi kinachozuia kamba isivutwe gia ikiwa imeingia, ili boti isiruke ukiwasha. Kizuizi hicho kinaendeshwa na waya mwembamba au kimkono kutoka kwenye gia. Waya ukilegea, au nyutro ikiwa haiko katikati, mashine inaamini bado iko kwenye gia. Fungueni kofia, mwambie kijana aingize na kutoa gia, mtazame huo waya unaokwenda kwenye kasha la kamba. Una nati ndogo ya kurekebishia. Safisheni chumvi, pakeni grisi, rekebisheni kidogo. Tafadhali msikikate kizuizi. Najua wengi wamekikata. Mtu akivuta kamba amesimama, gia imeingia, anaanguka nyuma, na propela iko huko huko anakoangukia.

MLETA UZI (Kilindoni, Mafia)

Nimerudi wakuu. Imepita wiki, nilisubiri spea kutoka Dar, zikaja na boti ya Nyamisati.

Nilitafuta fundi mwingine, mzee wa hapa hapa, nikamsomea uzi huu wote akiwa amekaa juu ya ndoo. Alichekelea tu akasema "huyo wa Pangani anajua". Tukaanza.

Kiungio cha fimbo: fundi wa mwanzo alikirudisha nyuzi chache mno, na nati ya kufungia haikukazwa kabisa. Niliizungusha kwa vidole. Kila mtikisiko ulikuwa unazidi kukilegeza, ndiyo maana tatizo lilikuwa linakua wiki hadi wiki.

Kikombe cha nyuma kinachoshika shafti kiligoma kutoka. Boliti zilitoka, lakini chumvi ilikuwa imekigandisha na mguu, unga mweupe umejaa pembeni. Mimi nilishika nyundo, mzee akanishika mkono. Akamwagia maji ya moto birika mbili, akakizungusha kidogo kulia na kushoto kwa kugonga na kipande cha mninga, halafu akakivuta kwa boliti mbili ndefu. Ilichukua asubuhi nzima. Ndani kulikuwa na zile sahani nyembamba kama karatasi, akanionyesha zimepangwaje, akazitunga kwenye waya kwa mpangilio ule ule. Alisema ukichanganya hizo, gia zinabana au zinacheza, na hakuna klachi mpya itakayokuponya.

Klachi nimeishika mkononi. Upande wa rivasi, pembe za meno ni kali, ukipitisha ukucha unakwama. Upande wa mbele ni mviringo, laini, kama kipande cha sabuni kilichotumika siku tatu. Gia ya mbele nayo meno yake ya kushikia yamelainika vile vile. Pinioni na gia ya rivasi nzima, hazina vidonda. Beringi zilizungushwa sikioni moja moja, hazina mchanga. Kwa hiyo tumebadilisha klachi, gia ya mbele, ile springi ndogo inayozuia pini, sili mbili za shafti na mpira wa duara wa kikombe. Vyote pamoja havikufika robo ya bei ya mguu niliotajiwa.

Kabla ya kutia oili mzee alifunga plagi ya juu, ya chini akaunganisha mpira wa pampu ya baiskeli, akapiga hewa kidogo huku nikipaka povu la sabuni kwenye sili. Halikutoka puto hata moja. Fimbo tukaipima kwa alama za penseli kama ulivyoelekeza. Mara ya kwanza alama ya mbele ilikuwa mbali kuliko ya rivasi, tukazungusha nusu, tukazungusha nusu tena, zikakaa sawa.

Jana jioni nimeingia nayo majini. Nyutro propela imesimama. Mbele inaingia "klak" moja. Nikapakia barafu kilo mia tatu, nikaenda Jibondo na kurudi, pale mlangoni nikafungua mafuta mpaka mwisho kwa makusudi, peke yangu. Haikuruka.

NAHODHA WA LAMU

Alhamdulillahi. Mpe salamu mzee wa ndoo.

FUNDI WA PANGANI

Hongera sana kaka, na mzee huyo usimwache. Kuweka klachi na gia ya mbele kwa pamoja ni uamuzi sahihi, mpya na ya zamani haziumani vizuri.

Oili hiyo uliyotia, ikifika saa kumi za kazi uimwage, maana meno mapya yanatoa unga wao mwanzoni. Baada ya hapo kila saa mia moja, au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Na kila ukitoa propela, angalia nyuma yake kama kuna mshipi. Kwa maji ya kwenu yenye nyavu nyingi, mimi ningeitoa kila wiki mbili.

MLETA UZI (Kilindoni, Mafia)

Nimekuelewa fundi. Pete mpya (washa) za plagi za oili ninazo, nimenunua nne. Nimeandika tarehe na saa kwa kalamu ya wino ndani ya kofia ya mashine. Nikimwaga oili ya saa kumi nitaweka picha ya rangi yake hapa hapa.

DADA WA UTENDE

Kaka naomba namba ya huyo mzee kwenye ujumbe wa faragha, na sisi tunataka atazame waya wetu wa kamba kabla wageni hawajaanza kuja.